Waliokwenda Kariakoo Wasirudi



Jamaa wengi wa pwani siku hizi wana makazi Kitengela. Wamo waliofuata kazi katika viwanda vya Athi River, wamo waliovutwa na kodi ya nyumba iliyo nafuu kuliko ya Nairobi, na wamo waliooa au kuolewa huko wakapafanya kwao. Kwa hiyo barua zinazotufikia kutoka Kitengela, Isinya na Kajiado mjini zimeanza kukaribia kwa wingi zile za Mji wa Kale na Majengo. Nyingi huuliza mambo ya kila siku: madrasa ya watoto, nyama ya halali, ada za harusi zinapokutana desturi mbili. Lakini miezi michache iliyopita mama mmoja wa Kitengela alituletea suala lisilokuwa la kila siku, nasi tumelikalia muda mrefu kabla ya kuliandikia.

Familia yake ilikuwa ikipanga nasaba kwa ajili ya shamba la minazi lililoko Kwale, ambalo halijagawanywa kwa vizazi vitatu. Ilipofika zamu ya babu mzaa babu yao, maelezo yalikatika kwa maneno mawili tu: akaenda Kariakoo. Hakuna tarehe ya kufa kwake, hakuna kaburi, hakuna aliyeleta habari. Mkewe, kwa jinsi walivyosimuliwa, hakukaa eda wala hakuolewa tena. Alingoja mpaka naye akaondoka duniani. Mama yetu aliuliza mambo mawili. Kwanza, mzee huyo alikwenda wapi hasa? Pili, je, kuna mahali popote ambapo mjukuu anaweza kwenda akasimama akamwombea?

Jina lenyewe tunalitamka bila kulifikiri. Kinamama wa Nairobi huenda Kariokor kununua vyondo na shanga. Waislamu wa Nairobi wengi wamezikwa katika makaburi ya Kariokor, na wengi wetu tumesimama pale udongo ukitupwa. Waliooa Dar es Salaam wanaijua Kariakoo ya huko, sokoni, penye msongamano usiokwisha. Yote ni jina moja. Asili yake ni Carrier Corps, jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi kilichoundwa katika Vita Vikuu vya kwanza, na pale walipopigiwa kambi wapagazi hao ndipo jina lilipobaki. Wao waliondoka, jina likakaa, likawa la soko.

Vita baina ya Waingereza na Wajerumani vilianza katika mwezi wa Agosti 1914. Waingereza walikuwa wakitawala huku kwetu, Wajerumani wakitawala ng'ambo ya mpaka, Tanganyika ya baadaye. Haukupita mwezi huo Wajerumani wakawa wameishika Taveta. Nchi ya kupigania vita hivyo ilikuwa pana, barabara hakuna, na farasi na nyumbu waliuawa na ndorobo kwa maelfu. Ikabaki njia moja ya kuhamisha chakula, risasi, mahema na majeruhi, nayo ni kichwa na bega la binadamu. Kila askari mmoja aliyekuwa mbele alihitaji wapagazi kadhaa nyuma yake. Na kadiri jeshi lilivyozidi kwenda mbali ndivyo walivyozidi kuhitajika, kwa sababu mpagazi naye hula, na chakula chake lazima kibebwe na mpagazi mwingine.

Sasa tumwambie mama yetu wa Kitengela jambo ambalo huenda hakulitarajia. Barabara inayopita mbele ya nyumba yake, ile inayoshuka Isinya na Kajiado mpaka Namanga, ni miongoni mwa njia za mwanzo kabisa za vita hivyo. Reli ya kwenda Magadi, iliyokuwa ikijengwa tangu 1911 kutoka Konza, ilipita Kajiado. Mizigo ilishushwa relini hapo, ikasafirishwa kwa Bissil mpaka Namanga, na kutoka Namanga ikavuka kwenda Longido. Tarehe 3 Novemba 1914, wakati uleule jeshi jingine la Waingereza lilipokuwa likishindwa Tanga, askari wapatao 1,500 kutoka Bara Hindi walipanda usiku mlima wa Longido kuwashambulia Wajerumani. Asubuhi walijikuta katikati ya risasi. Lakini kilichowarudisha nyuma zaidi ni kiu. Msafara wa nyumbu waliobeba maji ulishambuliwa njiani, nyumbu kama mia wakapotea na wachungaji wao wakatawanyika. Jeshi lililokuwa mlimani halikuwa na tone, likateremka na kurudi Namanga.

Vitabu vya vita husimulia habari hiyo kwa kuhesabu vikosi na maafisa. Wale wachungaji wa nyumbu hutajwa mara moja, tena kwa kulaumiwa kwamba walikimbia. Sisi tunajiuliza walikuwa kina nani, na wangapi kati yao hawakukimbia. Anayeijua nyika ile baina ya Bissil na Namanga wakati wa kiangazi, vumbi lake na jua lake, ataelewa ni kazi ya namna gani kuivuka kwa miguu na mzigo wa ratili hamsini au sitini kichwani, na mwisho wa safari kuna bunduki.

Mwanzoni waliochukuliwa wengi walikuwa watu wa kazi hiyo, wapagazi wa misafara wa Mombasa na bara, waliojua kufunga mzigo na kudai haki yao. Hao hawakutosha. Mwaka 1915 serikali ilitunga sheria iliyoipa nguvu ya kuchukua watu kwa lazima, na ujira wa mpagazi ukashushwa hadi rupia 5 kwa mwezi. Machifu na vijumbe wakapewa hesabu ya vichwa vya kutoa. Mwaka 1917, jeshi lilipokuwa limezama kusini kuelekea Rufiji na wapagazi wakifa kwa wingi, kazi ya kukusanya wengine alipewa John Ainsworth, na katika miezi michache watu zaidi ya laki moja walitolewa majumbani mwao. Wengine walikamatwa sokoni, wengine usiku. Wazee waliosimulia mambo hayo kwa watafiti baadaye hawakutumia neno kuajiriwa, walisema kushikwa.

Pwani haikusalimika. Wagiriama walikuwa wamekwisha kupambana na serikali katika mwaka huohuo wa 1914, baada ya Mekatilili wa Menza kuwahamasisha wakatae kodi na kazi ya kulazimishwa. Walipotezewa makazi na mifugo, wakatozwa faini ya rupia laki moja, na juu ya faini wakatakiwa watoe vijana elfu moja wa kazi. Mtu akishinda vita hudai mali. Hapa ushindi ulidaiwa kwa wana wa watu.

Mombasa nako kulikuwa na jambo la peke yake. Mwingereza aitwaye Arthur Wavell, aliyewahi kwenda Makka mwaka 1908 kwa kujifanya mtu wa Zanzibar, alikusanya kikosi cha Waarabu na watu wa mji wetu wakapigana mpakani upande wa Kwale. Wavell aliuawa Mwele Januari 1916 pamoja na baadhi ya watu wake. Habari za kikosi hicho watu wa Mombasa wamezihifadhi kwa fahari fulani, kwa kuwa askari ana bunduki na picha yake hupendeza. Mpagazi hana picha. Katika familia zetu, tukubali tukatae, aliyekuwa askari hutajwa mapema na aliyekuwa mpagazi hutajwa akiulizwa.

Wamasai, ambao ardhi ya Kajiado na Kitengela ni yao kabla ya sisi sote, walikuwa na namna yao. Walikuwa wamehamishwa Laikipia miaka michache tu nyuma, 1911 hadi 1913, wakasukumwa katika hifadhi ya kusini ambayo ndiyo Narok na Kajiado za leo. Serikali ikataka ng'ombe wao kwa ajili ya jeshi, kisha ikataka vijana wao. Vijana walikataa. Septemba 1918, siku za mwisho za vita, askari walikabiliana na moran huko Ololulunga, Narok, na damu ikamwagika. Jirani zetu wa Kitengela wakisema kwamba babu zao hawakubeba mizigo ya mzungu, wana haki ya kusema hivyo, na waulizwe pia gharama ya kukataa ilikuwa nini.

Turudi kwa mzee wa Kwale. Akishachukuliwa, aliandikwa nambari, akapigwa alama ya kidole na kuvishwa kibati. Mkuu wa kikosi, Oscar Watkins, alikuwa mmoja wa maafisa wachache waliojitahidi wapagazi wapate daftari lenye mpango, chakula na dawa. Alizozana sana na wakubwa zake kwa sababu yao. Jitihada zake zilizidiwa na ukubwa wa balaa. Unga wa mahindi ulikuwa mgeni matumboni mwa wengi, na mara nyingi haukuiva, kwa sababu mtu aliyetembea kutwa nzima mvuani hana kuni kavu wala nguvu ya kungoja sufuria ichemke. Wakapata kuhara damu. Wengine waliuawa na malaria, wengine na homa ya mapafu, wakilala chini bila kujifunika. Waliokufa kwa risasi walikuwa wachache kuliko waliokufa kwa tumbo. Kina mama wanaotusoma wanajua kupika ugali kuliko makamanda wale, nao wataona mara moja kwamba maelfu ya watu walikufa kwa jambo ambalo mpishi mwenye muda na kuni angelizuia.

Vita vyenyewe vilisonga mbali sana na Kwale. Machi 1916 jeshi la Jenerali Smuts lilisogea mbele kwa njia mbili, moja kutoka Taveta, nyingine kutoka Longido kupita magharibi ya Kilimanjaro. Likafuata reli, likafika Morogoro, likavuka Rufiji, mwishowe likaingia Msumbiji likimfuata Mjerumani Lettow-Vorbeck ambaye hakukamatika. Yeye alisalimisha silaha zake Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya Ulaya kuwa na amani. Basi mzee wetu anaweza kuwa amelala popote katika nchi nne. Na akiwa alipona hayo yote, bado alikuwa na njia ya kurudi, katika msimu uleule ambao homa kubwa ya mafua ilikuwa ikiwamaliza watu bandarini, kambini na vijijini.

Ni wangapi? Upande wa Waingereza peke yake, waliofanya kazi hizo katika muda wote wa vita wanakaribia milioni moja, na makadirio ya waliokufa yanafika 95,000. Tunasema makadirio kwa sababu waliokuwa wakihesabu walihesabu mizigo kwa uangalifu zaidi kuliko wabebaji. Mishahara ya waliokufa au kupotea ilibaki katika hazina bila kudaiwa. Watkins alipendekeza fedha hizo zitumike kwa manufaa ya Waafrika, maombi yake hayakukubaliwa. Kile kibati, hata hivyo, serikali ilikipenda. Baada ya vita kila mwanamume Mwafrika wa Kenya alilazimishwa kuvaa kipande shingoni ndani ya kijaluba cha chuma, kwa sheria iliyotungwa 1915. Waliokuwa hai wakapata nambari kwa nguvu. Waliokufa, ambao nambari ingewafaa, zao zikapotea.

Hapa ndipo penye uzito wa suala la pili la mama yetu. Nairobi, katika barabara ya Kenyatta, kuna sanamu tatu za shaba zilizozinduliwa 1928: askari wa KAR, mpiganaji wa Kiarabu, na mpagazi. Mombasa na Dar es Salaam pia zilipata sanamu zao katika miaka hiyohiyo, kazi ya fundi mmoja, Mwingereza James Alexander Stevenson. Maandishi yake ni ya lugha tatu, Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, na yanawataja wapagazi kuwa ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Yanawaahidi pia kwamba wana wao watalikumbuka jina lao.

Tumesimama mbele ya maandishi hayo zaidi ya mara moja. Jina gani? Hakuna jina hata moja pale. Askari wa kizungu aliyefia Taveta au Voi ana jiwe lake, jina, umri na tarehe, na nyasi hukatwa. Mpagazi amepewa sanamu moja kwa watu makumi elfu. Jambo hilo halikutokea kwa bahati mbaya. Wakuu wa makaburi ya vita walikata shauri katika miaka ya 1920 kwamba Waafrika wasiwekewe mawe ya majina, makaburi yao yaachwe yarudi kuwa pori, na sanamu zitoshe. Hoja waliyoitoa baadhi yao ni kwamba watu hawa hawajafikia daraja ya kuelewa maana ya jiwe la kaburi. Waliandika hivyo kuhusu watu ambao, pwani yote kutoka Lamu hadi Kilwa, wana makaburi ya mawe yenye aya na nasaba zilizochongwa tangu kabla ya Mreno kulijua bahari letu.

Aprili 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ya uchunguzi wake yenyewe. Ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine kufika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na kwamba ubaguzi wa rangi ulikuwa miongoni mwa sababu. Waziri wa ulinzi wa Uingereza aliomba radhi bungeni. Miaka miwili kabla ya hapo mbunge David Lammy alikuwa amefika Voi kwa ajili ya filamu ya televisheni, akaonyesha makaburi yaliyotunzwa ndani ya uzio na Waafrika waliozikwa nje yake. Tunasema alhamdulillahi kwa kila neno la haki, hata likichelewa miaka mia. Ila radhi iliombwa London, kwa Kiingereza, na bibi wengi wa Kwale waliongoja walikuwa wamekwisha kuzikwa.

Tuyazungumze ya bibi hao, kwa kuwa hayo vitabu vya vita havina. Mume aliyepotea, asijulikane yu hai au amekufa, huitwa mafkudi katika fiqhi, na wanazuoni wamelikalia suala la mkewe tangu zama za masahaba. Bwana Umar bin Khattwab alihukumu mke angoje miaka minne, kisha akae eda ya kufiwa, miezi minne na siku kumi, kisha yuko huru kuolewa. Imam Malik alilichukua hilo, na Imam Shafi katika kauli yake ya zamani. Lakini katika kauli yake mpya, Imam Shafi aliona mke haolewi mpaka ithibiti kwamba mume amekufa au amemwacha, na pwani yetu ni ya madhehebu ya Shafi. Fikirini basi maana yake kwa mwanamke wa mwaka 1919. Serikali iliyomchukua mumewe ilikuwa na daftari. Mstari mmoja wa daftari hilo, jina na tarehe, ukisomwa mbele ya kadhi, ungemfungulia eda, ungemfungulia mirathi ya watoto wake, ungemfungulia ndoa nyingine akitaka. Mstari huo haukuletwa. Hivyo mzigo uliobebwa kwenda Rufiji ulikuwa na sehemu yake iliyobaki nyumbani, na aliyeubeba hakulipwa hata rupia 5.

Mali nayo husimama. Fungu la aliyepotea huwekwa, haligawanywi mpaka yathibitike mauti yake au kadhi ahukumu kwamba amekufa baada ya muda ambao wenziwe wa rika lake hawaishi tena. Kwa mzee wa Kwale muda huo umepita zamani, na familia inaweza kwenda Mahakama ya Kadhi ikapata hukumu hiyo. Tumemwandikia mama yetu utaratibu wake kwa faragha. Tunamshauri asiogope kwamba habari zimechakaa. Shahidi wa nasaba, hata aliyesikia kutoka kwa bibi yake, ana thamani mbele ya kadhi, mradi mambo yanayosemwa yawe yanajulikana na watu wa mtaa.

Ama mahali pa kumwombea, jibu letu linamtua mzigo kuliko alivyodhani. Mtume, rehema na amani zimfikie, alimswalia Najashi wa Uhabeshi akiwa Madina, na Najashi amekufa kwao. Kutokana na hilo madhehebu yetu yanajuzisha swala ya ghaibu kwa maiti aliye mbali. Dua haina mpaka, wala haingoji kibali cha tume. Anaweza kumwombea mzee wake akiwa sebuleni Kitengela, gari la saruji likipita nje.

Lakini hatutaki jibu hilo liwe kisingizio cha kusema basi. Dua humfikia maiti, na bado walio hai wanahitaji kujua. Kutoka Kitengela mpaka Namanga tumesafiri mara nyingi, na hatujaliona jiwe wala kibao kinachosema ya kwamba hapa walipita watu wenye mizigo ya vita. Wako miongoni mwetu wanaosema ni heri hivyo, kwa kuwa kuinua mawe na masanamu si katika desturi ya dini yetu. Sisi hatuombi sanamu. Ile ya Nairobi inatosha, na udhaifu wake tumeueleza. Tunaomba ukuta mnyenyekevu, au hata daftari lililowekwa katika maktaba ya kaunti, lenye jina, jina la baba, na mahali alikotoka. Uislamu umetufundisha kumwita mtu kwa jina la baba yake. Hakuna umma unaofaa kuelewa haja ya jina kuliko sisi.

Na inawezekana. Januari 2025, Cape Town ilipata mahali pa ukumbusho pa wafanyakazi Waafrika wa vita hivyo wasiokuwa na kaburi lenye jina. Kuna nguzo za mbao zimesimamishwa bustanini, kila nguzo mtu mmoja, jina lake na siku aliyofariki, watu zaidi ya 1,700. Waliwatafuta katika makaratasi ya zamani mmoja baada ya mmoja. Hakuna sura ya kuchongwa pale, kuna majina na mbao. Mtoto wa wajukuu anaweza kuweka mkono wake juu ya nguzo moja na kusema, huyu ndiye wetu. Kwetu Kenya tume hiyohiyo imeahidi kufanya ya namna hiyo, na watafiti wanapekua majalada. Makaratasi ya Cape Town yalibaki kwa wingi. Ya huku mengi yalichomwa, yalioza au hayakuandikwa. Kwa hiyo sehemu kubwa ya majina yetu haitatoka katika jalada lolote. Itatoka vinywani mwa wazee, na zaidi itatoka kwa kinamama, kwa kuwa wao ndio wanaojua nani aliitwa kwa jina la nani, na kwa nini mtoto fulani alipewa jina la mtu ambaye hana kaburi.

Jambo hilo la mwisho ni ufunguo wa kweli. Katika nyumba nyingi za pwani mtoto aliyezaliwa baada ya vita alipewa jina la ndugu aliyepotea. Ukimkuta bibi wa miaka tisini anayesema jina la kaka yake lilikuwa la ami yao asiyerudi, umepata mpagazi. Pengine nyimbo za jikoni na za kulelea zinataja Kariakoo bila ya anayeimba kujua ni nini. Ulizeni taratibu, mchana, siyo mbele ya watu wengi, na mtu mmoja aandike. Andikeni jina kama linavyotamkwa nyumbani, siyo kama linavyotakiwa ofisini. Andikeni mtaa au kaya aliyochukuliwa, nani alimchukua kama inajulikana, nani alikuwa pamoja naye, na nani alibaki akimngoja. Mkiwa na kibati cha zamani au karatasi yenye nambari, msikisafishe kwa siki wala majivu, kwa kuwa nambari zilizochongwa juujuu hufutika. Kifungeni katika kitambaa kikavu mtuonyeshe.

Jirani zetu Wamasai, Wakamba na Wakikuyu wa Kitengela nao wana yao, tena wengi zaidi kuliko sisi kwa upande wa Ukambani na Ukikuyu. Akina dada wanaokutana nao sokoni na katika vyama vya akiba wawaulize. Daftari letu halitakuwa la Waislamu peke yao, kwa kuwa kambi haikuwa hivyo. Waliolala chini ya hema moja waandikwe katika ukurasa mmoja.

Ofisi yetu itapokea majina kila siku ya Alhamisi baada ya Laasiri, na waliopo Kitengela na Kajiado wanaweza kuyakabidhi kwa wanaowagawia jarida hili msikitini. Aliye na jina zima la mtu mpaka babu wa tatu, na alilete. Aliye na jina moja tu, bila ya baba na bila ya mtaa, na alilete hilo moja.